Kahuzi-Biega: tukienda, tutaongozwa na nani?



Wiki hii darasani tulibishana sana: tukipata franka za safari, twende wapi? Wengi walisema Bukavu, tukaangalie gorila katika parki ya Kahuzi-Biega. Sisi pia tuko na hamu hiyo, ila tuna neno.

Parki hiyo ilianzishwa mwaka wa 1970, na Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, aliipigania sana. Wakati ule ilikuwa ndogo, kilometa mraba 600 tu za pori la mlima, karibu kilometa 30 toka Bukavu. Mtu aliamka mjini, akapanda mpaka Tshivanga, akafuata walinzi katika mianzi na matope, na mangaribi alikuwa tena nyumbani. Mwaka wa 1975 wakaipanua mpaka kilometa mraba 6000, ikafika hata Maniema yetu. Na sisi tulifikiri ni kitu cha watu wa Kivu tu!

Lakini pori lile halikuwa tupu. Watwa walikaa humo, wakiwinda na kuchuma dawa. Walifukuzwa, wala hawakupewa mashamba mahali pengine. Kisha wageni wakaja kulipa dola mia kadhaa kuona gorila, na Mutwa akiingia kutafuta kuni katika pori la babu yake anaitwa mwizi. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi wake: serikali iliwakosea, iwarudishie ardhi yao.

Mwenzetu mmoja akasema, basi parki ifutwe. Hapana, ndugu! Gorila wa namna ile hawako popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo. Vita viliua wengi, na wachimbaji wa koltani walikula nyama yao. Hata sisi wa Kasongo na Kabambare tusijifanye watakatifu: sokoni tunanunua nyama ya pori iliyokaushwa na hatuulizi ni ya mnyama gani.

Tangu Februari 2025 Bukavu iliingiwa na M23, kwa hiyo safari si ya kesho. Tuko na wakati wa kupanga vizuri. Sisi tunaomba hivi: siku tutakayokwenda, Mutwa atuongoze, atuonyeshe gorila na pia mahali wazee wake walipojenga, na alipwe sawasawa na mlinzi. Wakikataa, franka zetu zibaki mfukoni.

Asiyekubaliana nasi aandike. Kamati inapokea majibu mpaka Ijumaa.