Roboti wodini, kifaa janja nyumbani: tuambiwe kwanza nani anajibu

Mei 2020, wakati malori yamepanga foleni Malaba na Rusumo na madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, Rwanda ilipokea roboti tano. Zilitengenezwa Ubelgiji na kutolewa kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Kazi yake ilikuwa kupima joto, kupeleka chakula na dawa kwa wagonjwa waliotengwa na kutunza kumbukumbu, ili muuguzi asilazimike kuingia wodini mara kwa mara na kujiweka hatarini.

Wengi wenu mliokuwa njiani mwaka ule mlizisikia habari hizo mkiwa mmelala chini ya lori. Wapo waliocheka, na wapo waliosema sasa wazungu wametuletea masanamu ya kututibu. Lakini wapo pia waliouliza swali la maana zaidi: hiyo kitu ikinipima ikakosea, nitamlalamikia nani?

Swali hilo ndilo limenifanya niandike leo. Mashine za afya hazipo tena Kigali peke yake. Kamera za kupima joto tumepita mbele yake mipakani na viwanja vya ndege. Saa za kuhesabu mapigo ya moyo zinauzwa Kariakoo, Kampala na Nairobi. Vipimo vya presha na sukari vinavyotuma majibu kwenye simu vimeingia nyumbani kwa wazazi wetu, na kamera za sebuleni zinafuata. Kila mara zinapokataliwa, nasikia maelezo yaleyale kutoka kwa maofisa na wauzaji: wananchi wanahitaji elimu.

Sikubaliani nao. Mtu haikubali mashine kwa sababu ni ya kisasa, wala haikatai kwa sababu ni mjinga. Anaikubali anapoiona faida yake, anapoweza kuitumia bila kumwita mjukuu, na anapomjua atakayejibu mambo yakiharibika. La kwanza na la pili watengenezaji wanalijua. La tatu ndilo linalosahaulika, na kwetu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mambo hayo mawili ya mwanzo si mageni kwa wasomi. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, aliyekuwa akichunguza kwa nini wafanyakazi wa ofisini wanakubali au kukataa kompyuta, alisema watu hupima vitu viwili: je, kitanisaidia? Je, ni rahisi kutumia? Waliomfuata wakaongeza mengine, kama vile watu ninaowaheshimu wanasemaje na kama mazingira yanaruhusu. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kusoma vitabu hivyo. Ndivyo anavyonunua pikipiki. Anauliza inabeba kiasi gani, inakula mafuta kiasi gani, jirani yake anaisemaje, na vipuri vinapatikana wapi.

Tuanze na faida. Tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikiruka kutoka Muhanga kupeleka damu katika hospitali za Rwanda. Nchi ile ni ya milima, na gari la damu lilikuwa likitumia saa nyingi kwa safari ambayo ndege inaimaliza kwa dakika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu inafika haraka zaidi, na inayotupwa kwa kupitwa na muda imepungua. Faida ya namna hiyo haihitaji semina. Mama aliyetoka kujifungua na anapoteza damu haulizi kama rubani yupo.

Urahisi nao tuuone hapohapo. Daktari wa hospitali ya wilaya hakulazimishwa kujifunza mtambo mpya ili kuagiza damu. Aliweza kupiga simu au kutuma ujumbe wa WhatsApp. Teknolojia ngumu ilibaki upande wa mwenye ndege, na mtumiaji akabaki na simu yake aliyoizoea. Hapo ndipo vifaa vingi tunavyouziwa vinapofeli. Unafungua boksi unakuta kijitabu cha Kiingereza na Kichina. Kifaa kinamwongelesha bibi wa Kagera kwa lafudhi ambayo hata mimi mwenye digrii nairudia mara mbili. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Kifaa kinachouzwa kwa wagonjwa wa nchi hizi kisichojua kusema "kaa chini, pumzika, usiongee" hakijafika sokoni; kimetupwa sokoni.

Sasa nije kwenye la tatu.

Mnakumbuka Namanga, Mei ileile ya 2020. Madereva waliambiwa upande mmoja kwamba wana virusi, wakapimwa tena upande wa pili wakaambiwa hawana. Nchi mbili zikabishana, mpaka ukafungwa kwa abiria, na mizigo ikakwama. Pale hapakuwa na uhaba wa mashine, maana vipimo vilikuwepo pande zote mbili. Kilichokosekana ni makubaliano kwamba majibu ya huku yanaaminika kule. Baadaye mwaka huohuo Jumuiya ilileta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao ulimwezesha dereva kubeba cheti chake kwenye simu na kikatambulika katika nchi zilizojiunga. Ulikuwa na kasoro zake, na kufuatiliwa kila unapolala si jambo dogo. Lakini angalau dereva alijua cheti kimetolewa na nani na nani analazimika kukiheshimu. Karatasi isiyo na mwenyewe haivuki mpaka. Mashine nayo ni hivyohivyo.

Mfano mwingine tunaujua kwa mfuko. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, mtu aliombwa afanye jambo la ajabu: atoe noti zake apewe ujumbe wa maandishi. Kwa akili ya kawaida huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ilikubalika kwa sababu palikuwa na wakala. Wakala alikuwa mtu wa mtaani, ana duka, ana daftari, na pesa isipofika unamfuata kwenye kibanda chake asubuhi. Watu waliuamini mfumo kupitia uso wa mtu. Leo mama anayeuza vitenge kutoka Goma anatuma fedha bila kumwona mtu yeyote, lakini imani hiyo ilijengwa kwenye kibanda.

Roboti ya hospitali, wakala wake ni nani? Kamera ya joto pale mpakani, nani amekaa nyuma yake? Ikisema una homa na wewe umetembea juani kilomita mbili na mzigo kichwani, unaye mtu wa kukupima tena kwa mkono, au ndiyo umeshakosa soko la siku hiyo? Kwa mwenye lori siku moja ni hasara. Kwa mwenye tenga la nyanya, siku moja ni mtaji wote. Mtu huyo akiikwepa kamera, tusimwite mshamba. Amefanya hesabu.

Nitoe mfano wa nyumbani kwangu, kwa sababu nami nilikosea. Mama yangu anaishi wilayani Ngara na ana presha. Mimi kazi yangu iko Arusha, na kaka yangu anafanya biashara ya mchele kati ya Kahama na Kigali, wiki mbili barabarani, siku tatu nyumbani. Tulimnunulia kipimo kinachofungwa mkononi na kutuma majibu kwenye simu zetu sote. Tulijiona watoto wa maana. Wiki tatu za kwanza namba zilikuja kila asubuhi, kisha zikakatika.

Nilidhani ni betri, halafu nikadhani ni mtandao. Nilipokwenda nikakikuta kabatini, kimefungwa kwenye khanga vizuri kabisa. Mama akaniambia: "Kabla ya hiki kidude mlikuwa mnanipigia simu jioni kuniuliza nimeshindaje. Siku hizi mnakiuliza chenyewe. Basi nikaona nikifunge, mtanitafuta."

Na kweli tulikuwa tumeacha. Namba ikija nzuri, nilisema moyoni "mama mzima" na kuendelea na kazi. Mashine ilikuwa imechukua nafasi ya salamu, na hakuna aliyemuuliza mama kama anakubali mabadilishano hayo. Kaka alikuwa hata anapanga kuweka kamera sebuleni. Mama alimjibu kwa swali moja: "Na nikiwa na khanga moja, atakayekuwa ananitazama ni nani?" Kamera haikununuliwa.

Huu ndio ugumu wa teknolojia hizi zinapofika kwetu. Huko Japani, ambako wazee ni wengi na walezi ni wachache, roboti kama Paro, lenye umbo la mtoto wa sili, limetengenezwa ili kuwafariji wazee waliopoteza kumbukumbu. Huko mashine inaweza kuja kuziba pengo. Kwetu mzee hahesabu kwamba kuna pengo. Anahesabu kwamba ana watoto. Mashine ikiingia peke yake inasomeka kama barua ya kuaga: mmechoka kunilea, mmeniachia kidude. Mtengenezaji akija na kifaa bora kuliko vyote duniani, hilo hatalitatua yeye. Ni la kwetu sisi tunaosafiri.

Kuna na suala la taarifa. Kipimo cha mama hakitumi namba kwangu tu; kinapitia kwenye mitambo ya kampuni iliyokitengeneza. Afya ya mtu ni siri yake, na kwa mfanyabiashara ni zaidi ya siri, kwa sababu anayekukopesha akijua una ugonjwa wa moyo anaweza kukunyima mkopo. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Ni hatua nzuri. Lakini sisi tunaugua huku tukiwa tunavuka mipaka. Ukipimwa Kabanga ukatibiwa Bujumbura kwa kifaa ulichonunua Kampala, taarifa zako zikivuja utashitaki wapi? Sheria iliyoishia kwenye kizuizi cha mpaka haimlindi mtu ambaye kazi yake ni kukipita.

Nina maombi matatu, na nayaelekeza kwa wizara za afya na kwa Sekretarieti ya Jumuiya pale Arusha.

Kwanza, kila mashine ya kupima watu katika kituo cha mpakani au hospitali ya umma iwe na mtu wake anayejulikana kwa jina na namba ya simu, mwenye mamlaka ya kumpima mtu upya kwa mkono pale anapobisha majibu. Papohapo, si kesho.

Pili, kifaa chochote cha afya kinachoingizwa kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani kiwe na maelezo ya Kiswahili, na dhamana inayoheshimiwa katika nchi zote wanachama. Haina maana kuwa na soko la pamoja halafu kifaa kilichonunuliwa Nairobi kikiharibika Mwanza kiwe takataka.

Tatu, sheria hizi za taarifa binafsi ziungane kwa upande wa afya, ili mgonjwa ajue ofisi moja ya kupeleka malalamiko popote alipo.

Wapo watakaosema nchi maskini hazina muda wa masharti haya, na kwamba tukichelewa tutaachwa. Nawajibu kwa msemo ambao kila mwenye duka anaujua: mali bila daftari huisha bila habari. Mashine za msaada zilizoletwa bila mtu wa kujibu mwisho wake ni stoo, zimefunikwa turubai. Hasara hiyo ni kubwa kuliko muda wa kuandaa masharti.

Na kwenu wasomaji mnaosafiri mkiwa na wazazi nyumbani, kabla hujalipia kifaa muulize muuzaji maswali unayouliza kuhusu bidhaa nyingine yoyote: nani ananitengenezea kikiharibika, nani mwingine anaona majibu haya, na kinaongea lugha gani. Kisha muulize mzazi wako swali ambalo mimi sikuuliza: unakitaka?

Kwetu Ngara tulifikia makubaliano. Mama anajipima saa moja jioni, halafu anapiga simu yeye mwenyewe na kutusomea namba, siku hii mimi, siku ile kaka popote alipoegesha. Kule kutuma majibu kwenye simu, ambako ndiko tulikolipia fedha nyingi, tumekuzima. Kipimo hakijarudi kabatini tangu siku hiyo.