Vidonge vya bakteria si tiba ya saratani ya utumbo

BIASHARA ya mpakani haibebi sukari, vitenge na mafuta tu. Hubeba pia dawa, na pamoja na dawa hubeba maneno. Moja ya ahadi zinazotolewa siku hizi ni kwamba bakteria wenye manufaa, wanaouzwa katika vidonge na unga, wanaweza kuathiri jeni za mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana.

Kwa aliyerejea Palma au Mocímboa da Praia baada ya miaka ya ukimbizi, na kwa anayevuka Mto Ruvuma kwenda Mtwara kutafuta riziki, hili si suala la maabara tu. Fedha ni chache na hospitali kubwa ziko mbali. Kuchagua vidonge badala ya vipimo kunaweza kugharimu maisha.

Je, ahadi hiyo ina ukweli? Upo, lakini ni mdogo. Jeni ndani ya seli zimefungashwa kama nguo katika robota la mitumba. Zilizobanwa sana hazifanyi kazi. Katika saratani, baadhi ya jeni zinazopaswa kuzuia uvimbe hunyamazishwa. Bakteria wa utumbo wanapochachusha makapi ya chakula hutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo huzuia vimeng'enya vinavyokaza robota hilo. Jeni yenyewe haibadiliki, ila hupata nafasi ya kufanya kazi.

Mwaka 2017, watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wagonjwa 15 wa saratani ya utumbo, ambao 8 kati yao walipewa vidonge vya bakteria. Kwa waliopewa, bakteria wanaotengeneza butireti waliongezeka. Ni habari njema, lakini hao ni watu 8, na kuongezeka kwa bakteria si kupona. Hadi leo hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vidonge hivyo vinatibu saratani hii. Tena, kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka kutokana na dawa kali za saratani, bakteria hai wanaweza, ingawa ni mara chache, kuingia kwenye damu na kumletea maradhi mengine. Asivitumie bila kumwuliza daktari wake.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye chakula. Mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipokula vyakula vyenye makapi mengi na mafuta kidogo, butireti iliongezeka. Kwa Waafrika waliokula nyama na mafuta mengi, ilipungua. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Kilimanjaro, Tanzania, uliowahusisha wanaume 77. Waliohama kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu walionyesha dalili za uchochezi mwilini, na waliokunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, zilipungua. Watu hao hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini somo linaeleweka.

Kwa hiyo anayerudi kulima asione haya kurudia mtama, kunde, mbaazi na kisamvu, ambacho upande wa Msumbiji huitwa matapa. Mtindi na togwa navyo ni vya bei nafuu kuliko kopo la vidonge. Hata hivyo, chakula ni kinga, si tiba ya uvimbe uliokwisha kuota.

Hatari kubwa iko hapa. Katika pwani yetu, damu kwenye kinyesi husemwa haraka kuwa ni bawasiri au kichocho. Huenda ni kweli, lakini kipimo ndicho kinachoamua. Mwenye damu isiyokoma, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda au kupungukiwa damu bila sababu, aende hospitali: Pemba kwa walio kusini, Mtwara kwa walio karibu na mto, na kwa rufaa, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Saratani hii ikigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuiponya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.