Mawe ya Kubandika na Ukuta wa Udongo

Kenyamonta, wilayani Serengeti, ni nchi isiyopungukiwa na mawe. Katika karne ya 19 Wangoreme wa sehemu hizo walizungushia makazi yao maboma ya mawe yaliyopangwa pasipo saruji, ili kujikinga na wavamizi. Ni ajabu basi kwamba pambo la nyumba za mijini, yaani jiwe bandia la kubandika ukutani, laweza kutamaniwa hata huko.

Jiwe bandia ni saruji iliyochanganywa na kokoto nyepesi na rangi ya oksidi ya chuma, ikamiminwa katika kalibu yenye sura ya jiwe la asili. Kwa kawaida uzito wake hauzidi kilo 75 kwa mita ya mraba. Ndiyo sababu halihitaji msingi wa peke yake.

Juu ya tofali za kuchoma kazi hiyo yawezekana. Ukuta hufutwa vumbi, hulowanishwa, kisha hupigwa lipu ya saruji moja kwa mchanga mara tatu au nne, ikachanwa mistari ingali mbichi ili ishike. Lipu ikikauka, kila jiwe hupakwa udongo wa saruji mgongoni kote na kusukumwa mpaka udongo utokeze kando. Mawe ya pembe za nyumba hutangulia, na yale ya chini kabisa hukoma sentimita 10 juu ya ardhi. Fundi apakaye katikati tu huacha uwazi, na maji hufanya maskani humo.

Hatari iko kwenye tofali mbichi. Udongo hufura ukilowa na husinyaa ukikauka. Saruji haifuatani nao. Lipu huachana na ukuta, mvua za masika hupenya kwenye nyufa, na maji yaliyoingia hayana njia ya kutoka. Ukuta hulainika chini, huku uso wake ukiwa bado unapendeza. Siku utakapoanguka, wenyewe huenda wamelala ndani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiwe la kubandika haliuzibi ufa, linauficha.

Tena gharama haifai kusahauliwa. Saruji ya Wazo Hill, Dar es Salaam, ambako kiwanda kilianza kazi mwaka 1966, ina safari ya zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Mara. Mwenye nyumba ya udongo asiitumie saruji hiyo usoni mwa ukuta kabla ya kujenga msingi wa mawe ya pale pale, kurefusha kingo za paa, na kuchimba mfereji wa kuondoa maji. Waashi nao wawe na ujasiri wa kukataa kazi ya kupamba ukuta usioweza kusimama. Nyumba kwanza iwe salama, uzuri utafuata.