"Usivute" Peke Yake Haitoshi

Vijana wenzangu, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tuongee mambo ya jino. Kijana anang'olewa jino, anapewa pamba ya kuuma, vidonge vya maumivu, na neno moja mlangoni: usivute sigara. Basi. Anatoka, ganzi bado iko, hasikii kitu. Anawakuta wenzake kwenye steji ya boda, mmoja anamwambia, "Vuta moja kaka, itakutuliza." Anavuta. Usiku wa tatu halali.

Mimi nasema tusimlaumu yeye tu. "Usivute" bila sababu ni amri nyingine, na sisi wakimbizi tumeshiba amri. Usisimame hapa, usitoke bila karatasi, rudi kesho. Mtu akinipa sababu, hapo namsikiliza.

Na sababu yenyewe si ngumu. Jino likitoka linaacha shimo. Damu inaganda mle ndani, na hilo bonge ndilo linafunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama iote. Sasa wewe unavuta: ile nguvu ya kufyonza inaweza kuling'oa. Tena nikotini inabana mishipa ya damu, kwa hiyo damu inafika kidogo kwenye kidonda na kupona kunachelewa. Bonge likitoka, mfupa unabaki wazi. Maumivu yanapanda hadi sikioni, mdomo unanuka, Panadol unameza kama pipi. Kunywa soda kwa mrija na kutema mate kwa nguvu ni hatari ileile. Na nyinyi wa ugoro msicheke, nikotini yenu ni hiyohiyo.

Wahudumu wa afya, tunaomba dakika mbili tu, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Mwambieni na muda: angalau saa 72, na akiongeza siku ni bora zaidi. Mvutaji wa kila siku akiambiwa "usivute" bila muda, anasikia "milele", anakata tamaa kabla hajafika getini. Siku tatu mtu anaweza kuzihesabu. (Najua mngependa aache kabisa. Hata mimi. Lakini tuanze na hilo shimo.)

Kwetu sisi vijana, hapa Uganda sheria ya 2015 inakataza kuuza sigara moja moja, na kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Lakini nani hajui inakouzwa moja moja? Basi mwenzako aking'olewa jino, hiyo moja usimnunulie. Wala usimpulizie moshi ukimwambia avumilie.

Na kama ulishavuta, maumivu yakazidi siku ya pili au ya tatu, rudi kliniki. Si uchawi. Wataosha shimo na kuweka dawa ndani. Waambie ukweli kwamba ulivuta, itawasaidia kujua tatizo haraka. Ukiona homa, uvimbe unaoongezeka, au umeshindwa kumeza, usingoje kuche.