Umesoma Saikolojia, Sasa Utauza Nini?



Wiki mbili kabla watu hawajaja kumposa mtoto wa dada yangu, mama yake alinipigia simu usiku. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha jambo ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Wakija hao wageni, tuseme amesoma nini?" Nikamuuliza, "Kwani amesoma nini?" Akanijibu, "Si hiyo saikolojia. Wataona tunawapa daktari wa wendawazimu."

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kuwa chumba cha mtoto kimepakana na cha mama yake, na kuta za nyumba ile ni nyembamba. Mtoto amekaa bara miaka mitatu, mama akauza bangili zake mbili za dhahabu ili ada ikamilike, na leo shahada imo ndani ya kabati pamoja na pasi ya kusafiria. Ana mwaka na miezi miwili nyumbani akisubiri nafasi za serikali zitangazwe. Kila shughuli anayokwenda anaulizwa swali lile lile: "Umemaliza chuo? Sasa unafanya nini?"

Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa wengi walio kama yeye. Rai yangu ni hii: mwanamke aliyesoma saikolojia amesoma biashara bila ya kuambiwa. Shida ni kuwa hakuna aliyemwonyesha mlango, naye amekaa anangoja mlango mmoja tu ufunguliwe.

Elimu ya nafsi si ya wagonjwa peke yao

Tusianze na Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akaeleza khofu, hasira na huzuni za watu wa kawaida. Kwa hiyo elimu hii si ngeni kwetu.

Anachosoma mwanafunzi wa saikolojia ni jinsi mtu anavyotazama, anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyoamua na anavyokaa na wenzake. Sasa niambieni, ni duka gani lisilohitaji kuyajua hayo? Mwaka 2002 mwanasaikolojia Daniel Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel, na tuzo yenyewe ilikuwa ya uchumi. Yeye na mwenzake Amos Tversky walionyesha kuwa uchungu wa kupoteza kitu humkaa mtu zaidi kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani ile ile. Kila aliyewahi kugombana na mteja juu ya kurudisha arubuni analijua hilo hata kama hajasoma.

Na mfano wetu mkubwa ni Bibi Khadija bint Khuwaylid, radhi za Allah zimshukie. Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, na biashara yake ilitegemea kuwajua watu, kwani mali yake ilisafirishwa na watu aliowaajiri. Alisikia ukweli na uaminifu wa Muhammad, swalla Llahu alayhi wasallam, akampa mali aende nayo Sham. Akamtuma na Maysara, mtumishi wake, na waliporudi akamsikiliza Maysara alivyoiona tabia yake safarini. Tazameni hekima hiyo. Aliuliza sifa za mtu kabla ya kumkabidhi mali, kisha akapata habari za vitendo vyake kwa aliyekuwa naye njiani. Ofisi nyingi za leo hazifanyi hata nusu ya hayo.

Milango ninayoiona

Mlango wa kwanza ni rasilimali watu. Kisiwa chetu kimejaa hoteli, kuanzia Nungwi mpaka Paje, na kila hoteli inaajiri, inafundisha, inasuluhisha ugomvi wa jikoni na wa mapokezi, na inapoteza wafanyakazi kila msimu bila ya kujua kwa nini wanaondoka. Aliyesoma saikolojia anajua jambo ambalo Edward Thorndike aliliandika tangu mwaka 1920: tukiona sifa moja nzuri kwa mtu, tunamdhania na nyengine zote. Kijana aliyevaa vizuri na kuongea Kiingereza cha kuteleza tunamwona mwaminifu na mchapakazi, na msichana mwenye haya anayeinamisha macho tunamwona hajui kitu. Wangapi katika nyinyi mmekosa kazi kwa sababu hiyo? Dawa yake si ngumu: wasailiwa wote waulizwe maswali yale yale, majibu yapewe alama papo hapo, na kila mmoja apewe kazi ndogo ya kuonyesha anachokijua. Hilo ni somo la darasani kwako, na kwa meneja ni fedha anazookoa.

Mlango wa pili ni kuwauliza wateja. Hapa nataka muwajue mwanamke mmoja wa Kimarekani, Lillian Gilbreth. Alipata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1915 katika Chuo Kikuu cha Brown, akafanya kazi na mumewe ya kushauri viwanda jinsi ya kupunguza uchovu wa wafanyakazi. Mwaka 1924 mume akafa ghafla, akamwachia watoto 11. Baadhi ya wateja wakajiondoa, hawakutaka kushauriwa na mwanamke. Yeye akageukia mahali ambapo hakuna mwanamume aliyeweza kumzidi: jikoni. Akapima hatua anazokwenda mwanamke akipika, akapanga meza, jiko na rafu ili hatua zipungue. Kampuni ya Johnson & Johnson nayo ikamwajiri afanye utafiti wa pedi za wanawake, na alilolifanya ni kuwauliza wanawake wenyewe wanataka nini.

Mjane mwenye watoto 11 aliuza elimu yake ya saikolojia kwa makampuni makubwa, na mtaji wake ulikuwa kujua kuuliza.

Na kuuliza kuna ufundi wake. Ukimwambia rafiki yako, "Ningeshona abaya za kitani ungenunua?" atasema ndiyo, kwa sababu anakupenda. Utashona 40, utauza 6. Muulize hivi: mara ya mwisho ulinunua abaya lini? Ulitoa kiasi gani? Ipi imekaa kabatini huivai, na kwa nini? Hapo anakupa aliyoyafanya badala ya matumaini yake. Saikolojia inakufundisha kutunga dodoso lisilomvuta mtu kwenye jibu, na takwimu ulizozikimbia mwaka wa pili ndizo zinazokusomea majibu. Wanaouza sabuni, wanaouza bima na mabenki yetu wote wanawahitaji watu wa namna hii katika masoko na huduma kwa wateja.

Mlango wa tatu ni wenu kabisa: biashara ya harusi. Nani hapa hajamwona bi harusi akilia siku ya hina kwa sababu ameonyeshwa mapambo ya aina 30 na kila khalati ana lake? Mpambaji aliyesoma saikolojia atamwekea aina tatu, akijua kuwa chaguo zikizidi humchosha mtu aliyekwisha kuchoka. Atajua pia, kama Kahneman alivyoonyesha, kuwa watu huikumbuka shughuli kwa kilele chake na kwa mwisho wake. Kwa hiyo hatamaliza nguvu zote kwenye jukwaa, halafu amwache bi harusi saa tano ya usiku hana wa kumvua shela wala wa kumpa maji. Mwisho mzuri ndio utakaomletea mteja mwengine.

Masomo wetu wa zamani waliyajua mengi katika haya. Somo alikuwa anamsoma mwari kabla hajafungua kinywa, na alikuwa analipwa kwa kazi yake. Hakuna aliyemwita daktari wa wendawazimu.

Pale ambapo sikubaliani na wasichana wetu

Nimewalaumu wazee, sasa niwageukie nyinyi.

Kwanza, shahada ya kwanza haikufanyi wewe kuwa tabibu wa nafsi. Naona kurasa mitandaoni za wasichana waliomaliza chuo jana wakijiita wanasaikolojia na kutoza fedha kwa kuwasikiliza watu wenye majonzi makubwa. Kutibu kunahitaji masomo zaidi na kufanya kazi chini ya uangalizi wa waliotangulia. Mtu anayetaka kujidhuru anatakiwa apelekwe hospitali. Ujumbe wa simu usiku hautoshi. Kama unayo nia ya kutibu, rudi usome, na Allah akufungulie. Kama huna, biashara ni njia ya halali na ya heshima, wala si kazi ya walioshindwa.

Pili, msikae mkisubiri. Mwaka mmoja wa kukaa nyumbani humla mtu moyo. Nenda kaombe miezi mitatu ya kujifunza kazi katika ofisi ya utumishi ya hoteli au ya skuli binafsi. Jifunze Excel vizuri. Mfanyie mama yako anayeuza vileja utafiti mdogo wa wateja wake 20, uandike kurasa mbili za ulichokigundua, na hizo kurasa mbili ziambatishe na wasifu wako. Mwajiri haelewi "nimesoma saikolojia ya jamii." Anaelewa "niliwauliza wateja 20, nikaona wanaondoka kwa sababu hii, tukabadilisha hiki."

Kisu hiki kina makali pande mbili

Sasa nisemalo kwa uzito. Ukijua jinsi mtu anavyoamua, unaweza kumsaidia, na unaweza kumla. Muuzaji anaandika "zimebaki mbili tu" na stoo kajaza 50. Mwengine anawalipa wasichana waandike chini ya picha zake, "Mashallah, nimenunua, ni nzuri mno," na hakuna aliyenunua. Hii ya pili ni nduguye najash, ile ya kujifanya mnunuzi ili kumchochea mnunuzi wa kweli, na Mtume wetu aliikataza. Na kisa cha muuza chakula sokoni mnakijua: Mtume alitia mkono ndani ya rundo, akakuta unyevu chini, akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akawaonya wanaoghushi.

Sisi tuliosoma nafsi za watu tunajua vizuri zaidi pa kuuficha unyevu. Kwa hiyo hesabu yetu ni nzito zaidi. Bi harusi mwenye khofu ya kuaibika mbele ya wakwe atanunua chochote ukimtisha kidogo. Usimtishe. Mwambie bei, mwambie kilichomo na kisichokuwemo, na umwache akaulize nyumbani.

Na siri za watu ni amana. Ukiwa afisa utumishi utajua nani ana deni, nani ana maradhi, nani ameachwa. Kisiwa hiki ni kidogo. Ukiyatoa Darajani asubuhi, adhuhuri yameshafika Mkokotoni.

Kwako bi harusi mtarajiwa

Usiifiche shahada yako. Anayekuja kukuposa ana haki ya kujua umesoma nini na unataka kufanya nini, na wewe una haki ya kujua atakupokea vipi. Haya yazungumzwe kabla ya akdi, kwa adabu na mbele ya wazee: je, nitafanya kazi? Wapi? Zamu ya usiku itakuwaje? Tukijaaliwa mtoto? Ukitaka liwe sharti, muulize sheikh unayemwamini liwekwe vipi. Na ukumbuke kuwa unachokichuma ni chako. Suratun-Nisaa, aya ya 32, imewapa wanaume fungu katika waliyoyachuma na wanawake fungu katika waliyoyachuma. Ukimsaidia mumeo, hiyo ni sadaka na wema wako, wala matumizi ya nyumba hayamwondokei yeye.

Nyinyi akina mama, msiwafundishe watoto wenu kuionea haya elimu mliyoilipia kwa bangili zenu.

Wale wageni walikuja. Mama mkwe mtarajiwa ana duka la vitambaa, akamuuliza mtoto wetu kwa wasiwasi, "Mwanangu, hiyo elimu yako ni ya nini hasa?" Mama yake akainamisha kichwa. Mtoto akajibu taratibu, "Ni ya kuwajua watu, mama. Kwa nini wanakuja na kwa nini hawarudi." Yule bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo unitazamie wangu, wamenipotea tangu Ramadhani."

Sikwambieni kuwa mambo yamenyooka. Mtoto yumo katika ofisi ya utumishi ya hoteli moja, mshahara ni mdogo, na gari la wafanyakazi linampitia kabla jua halijachomoza. Lakini shahada imetoka kabatini. Harusi ni Mfunguo Mosi, inshaAllah, na mama yake mwenyewe ndiye anayewaambia watu amesoma nini.

Allah awafungulie milango ya kheri na awape riziki ya halali yenye baraka. Kama na wewe umesoma saikolojia, tuandikie hapo chini unafanya kazi gani. Wadogo zako wanasoma.