Paka Hujifunza kwa Kutazama. Na Mtoto Je?

Katika vyuo vya ualimu imezoeleka kauli kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Kauli hiyo ni ya kweli, ila imezoeleka hata imeanza kutumiwa vibaya. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huwagawia watoto vizibo na vijiti, huwaambia, "Haya, fanyeni," kisha huketi kuandika maandalio ya kipindi kijacho. Sisi twaona kwamba mtoto huyo amenyimwa nusu ya somo, na shahidi wetu ni mnyama asiyesifika kwa utii, yaani paka.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha habari za paka wenye njaa aliowafungia katika masanduku, chakula kikiwa nje. Paka alikwaruza, akauma na kusukuma, mpaka kwa bahati akagusa kamba au kitasa na mlango ukafunguka. Kila aliporudishwa, muda wa kuhangaika ulipungua kidogo kidogo. Thorndike alikata shauri kwamba paka hajifunzi kwa kumtazama mwenziwe, bali kwa kujaribu na kukosea. Bwana huyo alifundisha miaka mingi katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1922 akatoa kitabu juu ya saikolojia ya hesabu. Si ajabu basi kwamba kivuli cha sanduku lile kingali kikionekana madarasani: zoezi, vema, kosa, zoezi tena.

Lakini paka wa nyumbani hakulelewa sandukuni. Mama huwaletea watoto wake panya aliyekufa na kumla mbele yao. Baadaye huwaachia wamle wenyewe. Hatimaye huleta panya aliye hai, humwachia, na akitoroka humkamata tena. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba huo si mpango wa masomo? Watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini Mchina Zing-Yang Kuo alionyesha mwaka 1930 kwamba malezi yana nguvu kubwa. Kati ya watoto 21 wa paka waliolelewa wakiona panya wakiuawa, 18 waliua panya. Kati ya 20 waliolelewa peke yao, waliua 9. Kati ya 18 waliolelewa pamoja na panya, ni 3 tu.

Mwaka 1969 Phyllis Chesler alieleza katika jarida la Science jinsi watoto wa paka walivyofundishwa kubonyeza wenzo ili wapate chakula. Waliomtazama mama yao walijua upesi kuliko waliomtazama paka jike mgeni. Walioachwa wajaribu wenyewe hawakujua kabisa. Na mwaka 2020 ilichapishwa habari ya Ebisu, paka wa Japani aliyeiga vitendo vya binadamu. Naye alimwiga yule aliyemfuga, si mpita njia.

Jaribio tunalolipenda kuliko yote ni la Herbert na Harsh, la mwaka 1944. Baadhi ya paka walimtazama mwenzao tangu mwanzo, akihangaika, akikosea na hatimaye akifaulu. Wengine walioneshwa tu marudio ya mwisho, mtendaji akiwa hodari tayari. Waliofaidika zaidi ni wale walioona makosa.

Mtoto si paka, twakubali. Hata hivyo, tufikirie ubao wa mwanachuo anayemngojea mkufunzi. Hesabu ya 52 − 27 imeandikwa mapema kwa chaki za rangi, jibu 25 limepigiwa mstari, hapana hata alama ya kifutio. Watoto wanaoneshwa paka hodari. Laiti mwalimu angeifanya mbele yao, akisema kwa sauti: "Mbili kutoa saba, haitoshi. Je, nikigeuza, saba kutoa mbili? Napata 35. Hebu nijumlishe 35 na 27. Ni 62! Mbona imezidi?" Kisha afute, akope kumi, aanze upya. Kosa hilo ndilo watoto wengi hulifanya; sasa wameona linavyogunduliwa, jambo ambalo jibu lililopigiwa mstari halionyeshi kamwe. Hatusemi mwalimu ajifanye mjinga, maana watoto hung'amua unafiki upesi.

Liko pia suala la ugeni. Mwanachuo huingia darasani kama yule paka jike mgeni, na majuma ya mazoezi ni machache. Kuyajua majina ya watoto katika siku tatu za kwanza, kukaa nao bustanini, kuwasalimu njiani, ni sehemu ya mbinu za kufundisha, wala si adabu tu.

Nao wakufunzi wanaopita madarasani twawaomba wasimpunguzie mwanachuo alama kwa sababu ubao wake una mistari iliyofutwa na kuandikwa upya. Wamuulize kwanza ni nani aliyekuwa akitazama alipokuwa akifuta.