Laptopu ya Kariakoo na Amri ya Saba



Kila likizo vijana wa parokia huniuliza swali lile lile: "Frateri, nataka kujifunza kutengeneza programu za simu. Ninunue laptopu gani Kariakoo?" Aristotle angewauliza kwanza: ya kazi gani? Maana chombo hueleweka kwa lengo lake, na anayeanza na jina la kampuni ameshika mkia.

Tuseme lengo ni programu za Android, kwa kuwa ndizo simu zilizo mikononi mwa watu wetu wengi. Basi Mac ya nini? Anayeihitaji ni mtengenezaji wa programu za iPhone, kwa sababu Xcode haifanyi kazi kwingine, tena Apple humtoza dola 99 kila mwaka. Google hutoza dola 25 mara moja tu. Android Studio, Flutter na VS Code ni bure kabisa. Ubuntu nayo ni bure, kwa hiyo sioni sababu ya kijana Mkatoliki kuweka Windows ya wizi halafu akasema "kila mtu anafanya".

Kuhusu mashine yenyewe, tazama RAM kabla ya stika. Google wanataka GB 8 kwa Android Studio peke yake, na GB 16 ukitaka kuendesha na ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Mwenye GB 8 achomeke simu yake halisi kwa waya na kujaribia humo, inatosha. Diski iwe SSD. Winga atakuimbia "hii ni i7, bosi!" Muulize ya kizazi cha ngapi. i5 ya kizazi cha nane huipita kwa mbali i7 nyingi za zamani.

Mimi napendelea mtumba: ThinkPad, Latitude au EliteBook zilizotoka maofisini ughaibuni. Ni ngumu, na nyingi hufunguka ukaongeza RAM. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alilalamikia utamaduni wa kutupa. Fundi wa Kariakoo anayefufua laptopu sidhani kama ameisoma, lakini anaitekeleza.

Ila mtumba una mlango wa nyuma. Kuna laptopu inayouzwa bila chaja, ina nywila ya mtu mwingine, bei yake ni nusu ya zile za fremu ya jirani, na muuzaji anataka mmalizane haraka pembeni. Hapo wengi hujifanya hawaoni. Katekisimu, namba 2412, haituachii nafasi: anayepokea mali ya wizi akijua, naye ana wajibu wa kurejesha kwa kadiri ya sehemu yake. Na haiishii kwenye kifaa. Inataja pia faida ambayo mwenyewe angeipata kihalali. Fikiri mwanafunzi aliyeporwa kwenye daladala, utafiti wake wote ukiwa ndani.

Nimejibiwa, "Frateri, wewe unalishwa na seminari, maskini afanyeje?" Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini mara nyingi aliyeibiwa naye ni maskini. Ningependa VIWAWA wa parokia wachangie laptopu moja nzuri, ikae ofisini, vijana watatu au wanne wapeane zamu. Wapakue Android Studio hapo hapo kwa intaneti ya parokia, maana kwa bando la simu GB zile zinauma.

Anayekwenda kununua peke yake aende asubuhi, kabla fremu hazijajaa. Aiwashe mashine bila waya kwa nusu saa, ajaribu vitufe vyote, aingize kebo ya simu kwenye kila tundu. Kisha adai risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe pamoja na jina lake. Muuzaji akianza kujikuna kichwa, maduka ya Kariakoo ni mengi.